"Kuu" Isiyo ya Mwisho: Jina na Dhima ya Mahakama Kuu ya Uingereza na Urithi Wake katika Kiswahili cha Sheria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya jina na dhima ya Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales, chombo ambacho mahakama kuu za Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi muundo na sehemu ya mamlaka yake. Hoja ya msingi ni kwamba jina la mahakama hii halikuwahi kuwa kipimo cha ngazi yake. Ni masalia ya historia: nani aliketi, wapi, na kwa niaba ya nani. Anayetaka kuifahamu mahakama hii hana budi kuanzia kwenye kazi zake, hasa mbili: kusikiliza mashauri ya madai bila kikomo cha thamani, na kuwadhibiti wenye mamlaka. Makala yanaonesha namna utata huo wa majina ulivyovuka bahari na kuingia katika Kiswahili cha sheria, athari zake kwa mwananchi mwenye shauri, na mwisho yanatoa mapendekezo kwa watafsiri na watunga sera wa ukanda huu.

1.0 Utangulizi

Mizizi ya maneno ina tabia ya kuahidi zaidi ya inavyotoa. Mzizi -kuu katika Kiswahili ni mmojawapo. Tunasema barabara kuu, sikukuu, katibu mkuu, na kila mara tunadokeza ukubwa au utangulizi. Hata hivyo, matumizi yenyewe yanatuonya tusidhani kwamba mkuu ni wa mwisho. Mkuu wa wilaya ni mkuu, na juu yake yuko mkuu wa mkoa. Katibu mkuu wa wizara ni mkuu, lakini waziri yuko juu yake. Ukuu, kwa hiyo, ni sifa ya mtu au chombo ndani ya eneo lake. Hausemi lolote kuhusu kilicho juu ya eneo hilo.

Tahadhari hii husahaulika tunapofika kwenye Mahakama Kuu. Si ajabu kumsikia msomi akiitaja kana kwamba ndicho kilele cha mfumo wa sheria, au kuona mahakama ya mwisho ya nchi ikipewa jina hilo katika maandishi ya Kiswahili. Kosa hilo halikuanzia Kiswahili. Chimbuko lake ni London, na ili kulielewa ni lazima turudi kwenye benchi la mbao katika ukumbi wa Westminster.

2.0 Benchi kabla ya mahakama

Katika karne ya 12 mfalme wa Uingereza alitoa haki akiwa safarini. Baraza lake lilimfuata popote alipokwenda, na mwenye shauri alilazimika kulifuata. Mwaka 1178 Mfalme Henry II aliwateua majaji watano wasikilize malalamiko ya watu wa ufalme wake. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215 ikaongeza sharti katika kifungu cha 17: mashauri ya kawaida baina ya raia na raia yasiufuate msafara wa mfalme, bali yasikilizwe mahali maalumu. Mahali hapo pakawa Westminster.

Kutokana na mzizi huo yalichipuka mabaraza matatu. La kwanza lilisikiliza mashauri ya kawaida ya raia. La pili lilikuwa la hazina, lililopata jina lake kutokana na kitambaa cha mirabaraba kilichotandikwa mezani kuhesabia fedha za mfalme. La tatu lilikuwa lile ambalo, kwa nadharia, mfalme mwenyewe aliketi, nalo likaitwa Benchi la Mfalme. Kando yao ilikua mahakama ya Chansari, chini ya mtunza muhuri wa mfalme. Hii ilitoa nafuu kwa misingi ya insafu pale ambapo sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji ilikuwa ngumu mno au haikuwa na jibu.

Neno "benchi" halipaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili. Katika nyumba za Waswahili wa pwani, baraza ni kwanza kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kuketi. Kutoka hapo neno likapanuka likawa mkutano wa walioketi, kisha chombo cha maamuzi: Baraza la Mawaziri, Baraza la Ardhi. Kiingereza kilipita njia ileile. Kiti kilibeba jina la waliokikalia, nao wakabeba jina la mamlaka waliyoyawakilisha.

Kwa sababu hiyo jina liliyumba kila mamlaka yalipoyumba. Baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa mwaka 1649, nchi haikuwa na mfalme, na benchi likaitwa Benchi la Juu hadi ufalme uliporejeshwa mwaka 1660. Malkia Victoria aliporithi kiti mwaka 1837 likawa Benchi la Malkia. Mwaka 1901 likarudi kuwa la Mfalme. Mwaka 1952 likawa la Malkia tena. Tarehe 8 Septemba 2022, siku aliyofariki Malkia Elizabeth II, lilibadilika mara nyingine, ingawa majaji na mamlaka yao yalibaki yaleyale. Mtafiti anayetafuta hukumu zake anapaswa kujua kwamba herufi QB na KB katika kumbukumbu za kesi zinataja chombo kimoja.

Jina halikuwa mipaka ya kazi pia. Majaji na maofisa wa mabaraza haya walipata sehemu ya kipato chao kutokana na ada za wadai, hivyo kila baraza lilikuwa na sababu ya kuvutia wateja. Benchi la Mfalme lilikubali dai la kubuni kwamba mdaiwa amefanya uvamizi katika jimbo la Middlesex. Akishawekwa chini ya ulinzi wake, lilisikiliza deni lililokuwa kiini halisi cha shauri. Baraza la hazina lilimruhusu mdai adai kwamba, kwa kutolipwa deni lake, anashindwa kumlipa mfalme. Kufikia karne ya 18 mabaraza yote matatu yaligombea mashauri yaleyale ya madai chini ya majina matatu tofauti. Chansari nayo ilikuwa na mgogoro wake na mabaraza hayo. Mwaka 1616 Mfalme James I aliamua kwamba insafu iwe na nguvu pale inapopingana na hukumu zao, lakini mdai bado alilazimika kuzunguka kati ya milango miwili ili apate haki iliyokamilika.

3.0 Jina la "upeo" lililotangulia ukweli

Sheria za Mahakama za mwaka 1873 na 1875, zilizoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1875, ziliunganisha mabaraza hayo kuwa Mahakama Kuu moja yenye divisheni tano: Chansari, Benchi la Malkia, Mashauri ya Kawaida, Hazina, na divisheni ya mirathi, talaka na mambo ya bahari. Kila jaji alipewa uwezo wa kutumia sheria ya majaji na insafu kwa pamoja, na ikaandikwa kwamba zikigongana, insafu ndiyo itakayotawala. Kufikia mwaka 1881 divisheni za Mashauri ya Kawaida na Hazina zilikuwa zimemezwa na Benchi la Malkia. Mwaka 1882 Malkia Victoria alifungua jengo jipya katika mtaa wa Strand, ambalo hadi leo ndiyo makao ya mahakama hiyo. Mwaka 1971 divisheni ya tano iligeuzwa kuwa Divisheni ya Familia, mashauri ya bahari yakahamia Benchi la Malkia, na migogoro ya wosia ikaenda Chansari. Divisheni zilizobaki ni tatu.

Hapa ndipo jina lilipopotoka zaidi. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziliwekwa chini ya mwavuli mmoja ulioitwa Mahakama ya Upeo. Waliotunga sheria ya 1873 walikusudia kufuta rufaa za mwisho zilizokuwa zikienda katika Nyumba ya Mabwana, chumba cha juu cha Bunge. Kama azma hiyo ingetimia, jina lingekuwa sahihi. Serikali ilibadilika, na sheria ya mwaka 1876 ikahifadhi mamlaka ya rufaa ya Nyumba ya Mabwana. Jina, hata hivyo, halikufutwa. Kwa miaka 134 Uingereza ilikuwa na Mahakama ya Upeo ambayo juu yake palikuwa na chombo kingine.

Marekebisho yalikuja kupitia Sheria ya Mageuzi ya Katiba ya mwaka 2005. Mahakama ya Upeo ya kweli ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2009, na mwavuli wa zamani ukaitwa Mahakama za Ngazi ya Juu za Uingereza na Wales. Chini ya mwavuli huo ziko Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu, na Mahakama ya Taji, inayosikiliza makosa mazito ya jinai. Mahakama Kuu ni ya ngazi ya juu kwa kulinganishwa na mahakama za kaunti na za mahakimu, lakini hukumu zake hukatiwa rufaa mara mbili zaidi: kwanza Mahakama ya Rufani, kisha, kwa ruhusa, Mahakama ya Upeo. Hata mamlaka yake ya kijiografia yana mpaka, kwa kuwa Scotland ina mahakama zake.

4.0 Dhima: upana wa mamlaka na udhibiti wa dola

Ikiwa ukuu wake hauko katika kuwa mwisho, uko wapi? Upo, kwanza, katika upana. Mahakama za kaunti, zilizoanzishwa mwaka 1846 kwa ajili ya madai madogo, zimekuwa na mipaka tangu mwanzo. Mahakama Kuu haina dari ya thamani. Ina sakafu: tangu mwaka 2014 dai la fedha lisilozidi pauni 100,000 kwa kawaida haliwezi kufunguliwa humo. Mikataba mikubwa ya biashara, udhamini wa mali, kashfa, meli, ufilisi na malezi ya watoto katika mashauri magumu huanzia hapo.

Dhima ya pili ina uzito zaidi kwa historia yetu. Benchi la Mfalme lilirithi hati ambazo mfalme alizitumia kuwasimamia maofisa wake: habeas corpus ya kumtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji, certiorari ya kutengua uamuzi, prohibition ya kuzuia chombo kuvuka mamlaka yake, na mandamus ya kumlazimisha ofisa atimize wajibu. Hati zilizotolewa kwa jina la mfalme ziligeuka kuwa silaha ya raia dhidi ya watumishi wa mfalme. Mwaka 1772, kwa hati ya habeas corpus, Jaji Mkuu Mansfield wa Benchi la Mfalme aliamuru James Somerset aachiwe huru. Somerset alikuwa Mwafrika aliyefanywa mtumwa, naye alikuwa amefungwa ndani ya meli iliyokusudiwa kumpeleka Jamaica akauzwe. Hukumu hiyo haikufuta utumwa katika makoloni, lakini ilionesha kwamba benchi lenye jina la mfalme linaweza kumuuliza mwenye nguvu: kwa sheria ipi?

Katika lugha ya leo dhima hii huitwa mapitio ya mahakama. Jaji haulizi kama uamuzi wa waziri au halmashauri ulikuwa mzuri. Huuliza kama ulikuwa halali, kama ulifuata utaratibu wa haki, na kama ulikuwa wa kiakili. Mashauri ya aina hii husikilizwa ndani ya Benchi la Mfalme, katika mahakama ya masuala ya utawala iliyopewa jina hilo mwaka 2000.

5.0 Benchi la Malkia na wazee wa Kenya

Ushahidi wa karibu zaidi wa dhima hizi unatoka katika kesi iliyofunguliwa London na Wakenya waliodai kuteswa katika kambi za vizuizi wakati wa vita vya Mau Mau. Kesi hiyo, inayobeba jina la Ndiku Mutua, ilisikilizwa katika Benchi la Malkia na mdaiwa alikuwa Wizara ya Mambo ya Nje ya serikali ya Malkia huyohuyo. Serikali ilidai kwamba wajibu wowote wa utawala wa kikoloni ulihamia Jamhuri ya Kenya wakati wa uhuru. Mwezi Julai 2011 Jaji McCombe aliamua kwamba wadai walikuwa na hoja inayostahili kusikilizwa. Oktoba 2012 aliamua kuwa, licha ya nusu karne kupita, kesi ya haki bado iliwezekana kwa wazee watatu, kwa kuwa nyaraka za utawala wa kikoloni zilikuwepo kwa wingi.

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ilitangaza bungeni masikitiko yake pamoja na makubaliano ya kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, bila kukiri kuwajibika kisheria. Mlango huo haukubaki wazi kwa wote. Katika kesi ya pili, yenye wadai zaidi ya 40,000, Benchi hilohilo liliamua mwaka 2018 kwamba ukomo wa muda uwazuie, na madai yakatupwa. Kesi zote mbili zinaonesha Mahakama Kuu ilivyo: mahakama ya kwanza kusikiliza dai, yenye mamlaka juu ya serikali, lakini iliyofungwa na sheria za muda kama mahakama nyingine yoyote. Mzee aliyesafiri kutoka Kenya hakuhitaji kujua kwamba benchi ni la nani. Alihitaji kujua kwamba linaweza kuiita serikali ijibu.

6.0 Urithi uliovuka bahari

Mamlaka hayo yaliletwa Afrika Mashariki kwa amri za Baraza la Mfalme. Sheria ya Uingereza ilipokelewa kwa kuwekewa tarehe: 12 Agosti 1897 kwa Kenya, 11 Agosti 1902 kwa Uganda, 22 Julai 1920 kwa Tanganyika. Amri ya mwaka 1902 iliunda Mahakama Kuu ya Uganda, na ile ya mwaka 1920 ikaunda ya Tanganyika. Kenya ilipitia mkanganyiko wa jina ulioikumba London: chini ya ukoloni mahakama yake ya ngazi hiyo iliitwa Mahakama ya Upeo, ilhali rufaa zake zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo Baraza la Faragha, London. Baada ya uhuru iliitwa Mahakama Kuu. Jina la Mahakama ya Upeo lilipofufuliwa na Katiba ya mwaka 2010, lilipewa chombo kingine kabisa.

Katika Kenya urithi huo uliandikwa waziwazi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria kiliipa Mahakama Kuu uwezo wa kutoa amri za mandamus, prohibition na certiorari katika mambo ambayo Mahakama Kuu ya Uingereza iliweza kutoa kwa sheria yake ya mwaka 1938. Hivyo wakili wa Nairobi alilazimika kujua mamlaka ya chombo cha London ili ajue mamlaka ya chombo kilicho mbele yake. Tangu mwaka 2010 msingi wa mapitio hayo nchini Kenya umekuwa katiba yenyewe, na Uingereza iliacha majina ya Kilatini ya amri hizo mwaka 2004. Mahakama zetu bado zinayatumia.

Muundo wa divisheni nao ulifuata. Mahakama Kuu ya Tanzania ina Divisheni ya Biashara, iliyoanzishwa mwaka 1999, pamoja na za Ardhi na Kazi. Hata Rwanda, ambayo mfumo wake ulitokana na sheria ya Kibelgiji, inayo Urukiko Rukuru, mahakama yenye mzizi uleule wa -kuu, na juu yake ziko Mahakama ya Rufani na mahakama ya mwisho iitwayo Urukiko rw'Ikirenga. Kinyarwanda kimetenganisha mizizi miwili pale ambapo Kiswahili mara nyingi kimetumia mmoja kwa vyombo viwili.

7.0 Kwa nini jina lina gharama

Suala hili lingekuwa la wanahistoria pekee kama Kiswahili kisingekuwa kinaingia mahakamani. Tanzania, kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha uamuzi wa aina hiyo mwaka 2022. Kila hatua hiyo inazalisha sheria, hukumu na fomu zinazotafsiriwa.

Mwananchi aliyeshindwa katika Mahakama Kuu akiamini kwamba "kuu" ni mwisho hatatoa taarifa ya kukata rufaa. Katika shauri la madai, Tanzania humpa siku 30 kutoa taarifa hiyo, na Kenya siku 14. Muda ukipita, haki yake imo mikononi mwa jaji atakayeamua kama ataongezewa. Kuna hasara nyingine iliyo kinyume: mwananchi anayeidhania Mahakama Kuu kuwa kilele kisichofikika hatajua kwamba ndipo mahali pa kwanza pa kuupinga uamuzi haramu wa halmashauri au wizara.

Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, "Mahakama Kuu" itumike katika ukanda mzima kwa chombo kimoja tu, yaani mahakama yenye mamlaka mapana ya mwanzo iliyo chini ya Mahakama ya Rufani, na kamwe isitumike kwa mahakama ya mwisho. Pili, nchi wanachama zikubaliane juu ya jina moja la mahakama ya mwisho. "Mahakama ya Upeo" linafaa kuliko "Mahakama ya Juu", kwa sababu upeo una ukomo ndani yake, na ujuu hauna. Tatu, chombo cha Uingereza kitafsiriwe "Divisheni ya Benchi la Mfalme". "Baraza la Mfalme" lingevutia kwa uzuri wa asili yake, lakini tayari linatumika kwa chombo kilichotoa amri za kikoloni, na kuvichanganya viwili hivyo ni kuchanganya aliyetawala na aliyehoji utawala. Nne, kila nakala ya hukumu ya Mahakama Kuu inayotolewa kwa Kiswahili iambatane na maelezo mafupi yanayosema rufaa inakwenda wapi na kwa muda gani.

8.0 Hitimisho

Historia ya Mahakama Kuu ya Uingereza ni historia ya majina yaliyochelewa au yaliyotangulia. Benchi lilibaki la mfalme hata lilipowasikiliza waliomshtaki. Mwavuli uliitwa wa upeo ilhali upeo ulikuwa kwingine. Waingereza walichukua zaidi ya karne moja kurekebisha jina moja tu. Kiswahili cha sheria kingali kinajengwa, na kina nafasi ya kuyapanga majina yake kabla hayajagandamana. Nafasi hiyo itumiwe sasa, maana siku za rufaa hazimngoji mwananchi ajifunze etimolojia.